Risasi za Shemeji

Kwa miaka thelathini na mmoja Milt Eberly aliitengenezea kambi nzima ya wawindaji risasi, na hakuna aliyewahi kumpa asante ya maana, kwa sababu kitu kikifanya kazi yake watu hukisahau. Kazi aliifanyia kwenye meza ya karakana nyuma ya nyumba. Alichukua maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayatia fataki mpya za kuwashia baruti, akapima baruti kwa mizani ndogo kuliko kiganja, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Vichwa vyake vyote vilikuwa bapa. Kwenye bunduki ya wenzo, ile inayopakiwa kwa kusukuma mkono wa chuma chini yake, risasi hukaa ndani ya mrija chini ya mtutu, zimefuatana kama watu kwenye foleni, pua ya hii kwenye fataki ya ile, na anayetia vilivyochongoka humo anamtafuta Mungu kabla ya wakati. Milt alikuwa mtu wa kujua mambo ya namna hiyo, na hakuwa mtu wa kuyanyamazia.

Kisha mwaka jana, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, shemeji yake akamharibia jina.

Shemeji huyo ni Harlan Kratz, fundi bomba mstaafu, aliyemwoa Arlene, dada yake Milt. Ni mtu mwema, ila kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kukosea. Siku hiyo alimpiga kulungu dume akiwa umbali wa hatua sitini, kwa bunduki yake ya kipimo cha thelathini-thelathini, ambayo nusu ya Pennsylvania wamerithishana na bado inaua. Dume akaondoka. Kulikuwa na matone machache ya damu kwenye majani, theluji ikaanza, na matone yakaisha. Wanne wakamtafuta mpaka giza likawazuia. Jioni, mbele ya watu, Harlan akasema, "Risasi za Milt hazina nguvu siku hizi. Kaanza kubania baruti." Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, sawa, lakini hapa aliyesingiziwa alikuwa mezani hapohapo na uma mkononi.

Kati ya waliosikia alikuwamo Lamar Seltzer, kinyozi wa mjini. Ukitaka neno lako lienee, mwambie Lamar na umsihi asimwambie mtu. Kufika Pasaka maboksi ya Milt yalikuwa yanakaa rafuni bila mnunuzi. Hata Gladys Womelsdorf, mama mwenye kambi, mwindaji kuliko wote, alionekana akitoka dukani na boksi la risasi za kiwandani amelificha chini ya mkate. Hilo ndilo lililomuuma Milt kuliko maneno yote ya Lamar. Baruti yake aliipima kwa jicho na kwa mizani, mara mbili kila ganda, na sasa watu walikuwa wanamhurumia kama mzee anayepoteza akili.

Tangu hapo alimtembelea dada yake siku ambazo Harlan hayupo tu. Mwezi wa tano Arlene alimpigia simu kumwambia kwamba Harlan alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho kabla ya msimu ule, na hakutaka kambi ijue. "Nimesikia," Milt akasema, akakata. Mwezi wa nane akasikia jingine: Harlan amenunua bunduki ya arobaini na tano-sabini, ya wenzo vilevile, lakini risasi yake nene kama kidole gumba, ya kuulia nyati. Kulungu wa pale ana uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Milt akacheka peke yake karakanani, kisha akaacha kucheka na kuanza kufikiri.

Mtu asiyekosea akikosa kwa hatua sitini, tatizo haliko kwenye ganda. Liko kwa mtu. Na kuna njia ya kumwonyesha.

Ijumaa baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, wote walikwenda kwenye machimbo ya mawe chini ya kambi kuhakiki shabaha za bunduki zao, kwa kuwa msimu ulifunguliwa kesho yake. Milt alikuwa amepanga kumuumbua Harlan pale, kila mtu akiona. Lakini Harlan alizungukazunguka, mara anafunga kamba ya kiatu, mara anatafuta miwani, mpaka Gladys na Lamar wakapanda kwenda kupasha chakula. Wakabaki wawili.

Harlan akapiga bunduki yake mpya. Machimbo yote yakanguruma. Karatasi ya shabaha haikuguswa.

"Upepo," Harlan akasema.

"Upepo wa wapi, shemeji? Hata moshi wa bomba la kambi umesimama wima."

"Huku chini upo."

"Ile ya zamani umekuja nayo?"

"Imo garini. Arlene kaitia. Unamjua dada yako, hata sufuria angetia."

Milt akaileta, akaijaza mwenyewe risasi sita kutoka mfukoni. Harlan aliziangalia zikiingia moja moja, akasita, kisha akaichukua. Akaegemea meza ya mawe. Ya kwanza ikalia, ikapiga chini kushoto. Ya pili ikalia, chini zaidi. Akasukuma wenzo, akarudisha, akavuta kifyatulio mara ya tatu, na bunduki ikasema *tak*, basi. Haikulia, lakini mdomo wa mtutu uliinama mzimamzima kuelekea ardhini, kama mtu anayesinzia kanisani.

Wote wawili waliuona.

"Hiyo haina baruti," Milt akasema. "Na fataki nimeiua mwenyewe kwa mafuta."

Alikuwa na sentensi moja aliyoiandaa mwaka mzima: *Na ile ya mwaka jana ilikuwa na baruti yake yote.* Ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Harlan akaiweka bunduki chini, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Sentensi ikabaki palepale.

"Daktari anasema jicho limepona," Harlan akasema bila kumtazama. "Anasema nipige nitakavyo. Lakini nikigusa kifyatulio, Milt, nasikia kama jicho litachomoka. Nafumba yote mawili. Najiambia nisifumbe, nafumba."

"Sasa lizinga hili umelinunulia nini, mwanaume wewe?"

"Ningefanyaje? Nilishasema risasi hazikuwa na nguvu. Ilibidi ninunue kubwa."

Milt akacheka, na hasira zikampanda hapohapo katikati ya kicheko, maana mwaka wake mzima ulikuwa umepotelea kwenye sentensi hiyo ya kijinga. Lakini kazi ni kazi. Akatoa boksi kutoka mfuko wa pili. Zilikuwa za thelathini-thelathini vilevile, vichwa bapa vilevile, ila baruti robo pungufu. Aliwahi kumtengenezea za namna hiyo mjukuu wa kike wa Gladys alipotimiza miaka kumi na miwili, na binti yule aliangusha kulungu wake bila kulalamika bega. Hakumwambia Harlan ni zipi. Akazichanganya na zilizokufa, akawa anajaza yeye, Harlan asijue inayokuja ni hai au mfu.

Mwanzoni mdomo uliinama kila mara. Harlan akatukana, akatulia, akatukana tena. Baada ya dakika arobaini ukawa unainama kidogo. Kisha ikaja iliyokufa, *tak*, na mdomo ukatulia tuli. Matundu ya risasi tano hai zilizofuata ungeweza kuyafunika kwa kisahani cha chai.

Wakipanda kilima Harlan akasema, "Ya kule chini tuyaache kule chini."

Milt aliendelea kupanda. Alikuwa anahema, na kilima kilikuwa kirefu.

Mezani kulikuwa na nyama ya nguruwe na maharagwe mabichi, na mayai ya siki yaliyotiwa wekundu wa bitiruti. Harlan hakukaa vizuri kabla hajaitoa karatasi yake ya shabaha na kuipitisha.

"Mama yangu!" Lamar akasema. "Hii ni kazi ya lile lizinga?"

"La. Ni ya zamani. Na risasi ni za Milt." Harlan akajipakulia maharagwe. "Kazirekebisha."

"Ehee! Si nilisema? Baruti hiyo, sivyo? Ulikosea mizani, Milt?"

"Mwache mwenzio," Gladys akasema. "Nani asiyekosea? Milt, mimi nitengee maboksi mawili, na yale ya dukani nitampa mkwe wangu asiyejua kitu."

"Na mimi matatu," Lamar akasema. "Na mjini nitawaambia wote kwamba sasa zimekaa sawa."

Kila alichokitaka Milt kwa mwaka mzima kiliwekwa mbele yake pale, katikati ya nyama na mayai. Kuitikia kwa kichwa mara moja tu, na jina lake lingerudi, likiwa na doa lililosafishwa, lakini doa. Alimsikia Harlan akitafuna polepole.

"Sikurekebisha kitu," Milt akasema. "Za mwaka jana zimebaki arobaini. Kesho nawinda nazo."

Akaendelea kula. Yaliyobaki hakuyasema, alishaamua kilimani kwamba hayo yana mwenyewe wa kuyasema. Lamar akamtazama yeye, akamtazama Harlan, akarudi kwake.

"Sasa yule dume alipoteaje?"

Harlan akaweka uma chini. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko mayai.

"Nilifumba macho," akasema. "Nilipasuliwa jicho, nikawa naogopa mshindo. Nilifumba, nikampiga mnyama vibaya, nikaja hapa nikamsingizia mtu. Risasi ilikuwa nzima."

Lamar akafungua mdomo. "Wewe nyamaza," Gladys akamwambia, naye akanyamaza, jambo ambalo halijaonekana mara nyingi.

"Na za leo ni za watoto," Harlan akaendelea. "Za mjukuu wako, Gladys. Huyu kanipa akidhani sitajua. Miaka arobaini bega hili linaijua bunduki ile, Milt. Usilidanganye." Akauchukua uma tena. "Naomba boksi la hizohizo kwa kesho. Kama unalo."

Milt alikuwa ameisubiri siku hii na hata uso wa kuipokelea alishauchagua. Sasa uso ule haukuja. Alichosikia ni aibu, na ilikuwa yake mwenyewe.

"Jicho lenyewe ni lipi?" akauliza.

"La kulia."

"Mwaka mzima," Milt akasema. "Sikukuuliza hata mara moja."

Gladys akamsogezea Harlan sahani ya mkate, na Milt akainuka kwenda garini kuleta boksi.