Karatasi ya Jerko

Kiti cha turubai kilianza kumbana Jerko mapajani hata kabla hajafika nusu ya mlingoti, na huo ulikuwa ubano mdogo kuliko yote aliyokuwa nayo asubuhi ile. Chini, aliyezungusha winchi na kumpandisha ni Bartul, mwenye mashua. Pembeni, mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani, alisimama mwalimu Zdenka, mnunuzi, aliyekuwa ameendesha gari tangu alfajiri kutoka Varaždin, mbali bara.

Bartul na Jerko walikuwa kum. Miaka kumi na miwili iliyopita, Jerko ndiye aliyempakata binti wa Bartul wakati padri akimmwagia maji ya ubatizo, na tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina. Hapa Betina, kisiwani kwetu, kum ni zaidi ya ndugu. Na ndugu yako unaweza kugombana miaka ishirini kwa sababu ya mzeituni mmoja mpakani, ila kum hugombani naye, wala humtilii shaka mbele za watu.

Ndiyo maana watu wa bima walipotaka karatasi ya fundi, mwaka juzi, kuthibitisha kwamba nyaya zinazoshikilia mlingoti wa Bartul ni imara, Jerko aliiandika mkahawani, kikombe cha kahawa kikiwa kimekandamiza pembe isipeperuke. Mlingoti wenyewe hakuupanda. Kumwambia kum "ngoja nikaangalie kwanza" ni kumwita mwongo usoni. Ni ujinga mtupu, lakini ndivyo tulivyo.

Sasa Zdenka, badala ya kuja na fundi wake kama wanunuzi wengine, aliisoma karatasi ile akampigia simu aliyeitia saini. Alimwambia kwamba yeye anafundisha hesabu, na jibu lisilo na hatua zake humpa mwanafunzi nusu ya alama. Basi apande tena, naye atazame. Jumamosi angeondoka na mashua hiyo, yeye na binti zake wawili, kwenda kisiwa cha Lastovo, na alitaka kulala usingizi. Jerko alitafuta kisingizio usiku kucha, hakukipata.

Juu kabisa alianza na upande wa kushoto. Safi. Akahamia kulia. Pale waya unapoingia kwenye kifundo cha chuma kinachoubana, kutu ya rangi ya chai ilikuwa imechuruzika. Alipitisha kitambaa, kikanasa. Akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akahesabu nyuzi nne zilizokatika kati ya kumi na tisa. Ya tano aliigusa kwa ukucha tu, nayo ikaachia. Waya wa namna hiyo ukikatika kwenye upepo, mlingoti unaanguka, na chini ya mlingoti ndipo watu wanapokaa.

Akisema, saini yake imekuwa ya uongo, na fundi mwenye saini ya uongo hapati tena kazi kuanzia hapa hadi Šibenik. Kum naye amempoteza. Akinyamaza, Jumamosi mwanamke huyu anang'oa nanga na watoto wake. Na hata kushuka hakuweza mpaka Bartul amlegezee kamba. Mafundi hupanda na kamba mbili, ya pili ya kujishushia wenyewe. Jerko huwafokea hadharani wanaopanda na moja. Lakini leo alipoiomba ya pili, Bartul alimtazama kwa macho ya mtu aliyeumizwa, Jerko akaiacha kwenye sanduku la vifaa pamoja na simu yake.

"Kum, umeota mizizi huko?" Bartul aliita kwa kilugha cha kisiwani, kile ambacho watu wa bara hukiambulia nusunusu.

"Waya wa kulia umeoza," Jerko alijibu kwa kilugha hichohicho. "Nyuzi tano zimekwenda."

"Hata mimi nina kutu, mbona natembea. Mwambie mama wa watu kwamba ni salama, ushuke. Mke wangu ana pweza jikoni."

"Ana watoto huyu, kum."

"Na jina kwenye karatasi ni la nani?" Bartul aliuliza polepole, karibu kwa huruma. "Mimi hapa nalinda jina lako."

Zdenka akataka kujua wanasema nini. Bartul akamjibu kwamba wanapanga chakula cha mchana.

Uongo huo mdogo, uliotoka kirahisi namna ile, ndio uliomtia Jerko aibu kuliko wake mkubwa. Akaacha kilugha, akasema kwa lugha ya shuleni ili kila neno lifike.

"Mwalimu, usiinunue. Waya umekatika. Na karatasi yangu ni ya uongo, sikupanda kabisa."

Bartul hakufoka. Aliifunga kamba kwa mafundo mawili ya uhakika, akajifuta mikono kwenye suruali, akashuka gatini. "Akushushe yeye, basi," alisema, akaelekea mkahawani bila kugeuka.

Jerko alitegemea mwalimu angekimbilia winchi. Zdenka akaketi juu ya sitaha.

"Umeniambia kazi yako ni ya uongo," alisema. "Nikiifungua kamba hii, nifuate maelekezo ya nani?"

"Yangu. Mwingine hayupo."

"Basi nijibu kwanza. Karatasi za namna hii umeandika ngapi?"

Angeweza kusema moja, na nani angejua? Lakini miguu ilikuwa imeshakufa ganzi, na alikuwa amechoka kuzungushia watu maneno.

"Tatu. Zote za makum. Nimesimamia ubatizo wa watoto watatu."

"Mashua nyingine ziko wapi?"

"Moja iko nchi kavu, imeng'olewa mlingoti." Asubuhi nzima alikuwa akililia jina lake tu, na ya tatu haikumjia akilini hata kidogo. Sasa aligeuza kichwa, akatazama maji nje ya bandari. "Ya tatu ni ya Stipan. Imeondoka saa moja asubuhi kwenda Vis. Yumo na mwanawe, yule niliyemsimamia ubatizo. Na redio imetangaza bura mchana huu."

Bura ni upepo unaoporomoka kutoka milimani, na hata wa Varaždin wanaujua. Zdenka alikuwa ameshasimama.

Jerko akamwelekeza: fungua mafundo, bakiza mizunguko mitatu kwenye winchi, bana kwa kiganja, legeza kidogo kidogo. Mara mbili Jerko aliporomoka futi nzima kabla hajadakwa, lakini Zdenka hakuiachia kamba. Jerko alipogusa sitaha alitambaa hadi kwenye sanduku, akaitoa simu.

Simu iliita muda mrefu. Hatimaye Stipan akapokea huku akicheka, upepo ukivuma nyuma yake, na sauti ya mtoto ikiuliza ni nani.

"Kum wangu," Stipan alisema, "tunakimbia vizuri mno, ungeona. Kuna nini?"

"Shusha matanga yote, washa injini," Jerko alisema. "Halafu nikwambie nilichokufanyia."