Ala ya Bastola ya Kuendea Mazishini

Royce Haddock aliingia dukani kwangu Jumanne asubuhi, akavua shati bila kuombwa, akainua mkono wa kushoto. Kwapa lote lilikuwa jekundu, limechubuka, poda imegandamana na jasho mpaka ikawa kama unga uliomwagiwa maji.

"Tazama, Verna," akasema. "Ile ya nailoni niliyoagiza kwa posta imenila nyama. Nataka ya ngozi. Nivae siku nzima nisijue kama nimevaa."

Mimi ni mtengeneza matandiko ya farasi, kama alivyokuwa baba yangu. Lakini hapa Tarver farasi wamepungua na bastola zimeongezeka, kwa hiyo siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni ala za kuwekea bastola: za kiunoni, za kifundo cha mguu, na hizi za begani, ambazo bastola inaning'inia chini ya kwapa na koti linaifunika. Oklahoma hakuna anayemuuliza mwenzake anabeba bastola ya nini. Hata mimi sikuwa na tabia ya kuuliza.

Huyu hata hivyo sikuwa na haja ya kumuuliza. Alhamisi iliyopita diwani wetu huyu alikuwa amempiga risasi na kumuua shemeji yake, Garland Lemley, mume wa dada yake Opal. Fahali wa Garland alikuwa amebomoa uzio kati ya mashamba yao, Garland akaja kuuziba, koleo mkononi. Wakatukanana. Royce alisema alidhani koleo ni bastola. Sherifu akasema sheria inamruhusu mtu kujilinda kwenye ardhi yake, akamwacha aende nyumbani kula chakula cha mchana.

Ningemfukuza pale pale. Sikumfukuza. Nilichukua utepe nikaanza kumpima, kwa sababu mteja akisimama mbele yangu mikono yangu hupima, hainingojei mimi. Kila nilipomzungushia utepe pumzi yake ya kahawa na tumbaku ilinipiga usoni, na lile kwapa lilinuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo.

Nikamletea mbili nilizokuwa nimezimaliza. Ya kwanza bastola husimama wima, mdomo chini.

Akaijaribu, akaketi, akakunja uso. "Inanichoma kwenye mbavu nikikaa. Nitakaa saa moja na nusu kwenye benchi."

"Basi hii." Ya pili ilikuwa na mikanda mipana ya ngozi laini iliyopishana mgongoni, na bastola hulala. "Uzito unagawanyika mabega yote mawili. Haichubui. Ila bastola ikilala hivi, mdomo unatazama nyuma. Ukiketi, unamtazama aliye nyuma yako."

"Nani?"

"Yeyote atakayekaa nyuma yako, Royce."

Akacheka. "Ina kizuizi. Haijifyatui yenyewe, mama."

Nikakaza bizimu, nikalegeza, nikakaza tena. Akavaa koti jeusi alilokuja nalo, akajigeuza mbele ya kioo kama bibi harusi. Halafu akafungua mikono.

"Njoo unikumbatie."

"Nini?"

"Nikumbatie tu. Nataka nijue kama inasikika mtu akinibana."

Nilidhani ni utani wake wa kipumbavu. Nikamkumbatia haraka, kama mtu anayeshika kitu cha moto. Koti lilikuwa nene, ngozi ilikuwa laini, na kweli, sikusikia chochote.

"Sisikii kitu," nikasema.

"Safi. Maana Opal akilia anabana sana, na mimi ndiye kaka yake, lazima nimkumbatie mbele ya watu. Ndugu zake Garland wanatoka Arkansas, wako watatu. Sijui wana nini moyoni. Siwezi kwenda kanisani kwenye mazishi mikono mitupu."

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga meza. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ni mimi nitakayeishona hiyo nguo.

"Ivue," nikasema.

"Kwa nini? Inanikaa vizuri."

"Ivue, Royce. Siuzi."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Akaweka noti mezani, akafunga kifungo cha koti, akatoka nayo mwilini. Nilinawa mikono mara tatu, na bado niliendelea kusikia harufu ya lile kwapa.

Mchana nilikwenda kwa Opal. Jikoni kwake palikuwa hapana pa kuweka hata kijiko. Majirani walikuwa wameleta kuku wa kukaanga, maharage, viazi vya kuoka na jibini, vyakula vya watu ishirini kwa mwanamke mmoja asiyekula. Alikuwa ameketi, viatu vya Garland vikiwa miguuni mwake. Nikamwambia yote, hata ile ya kukumbatiwa.

Hakulia. Aliuliza, "Haimchubui tena?"

"Haimchubui."

"Tangu utoto ngozi yake ni laini. Mama alikuwa akimpaka mafuta." "Asante kwa kuniambia, Verna. Sasa nenda, nataka kufikiri."

Alhamisi saa nne asubuhi kanisa la Wabaptisti lilijaa, na joto la Agosti lilikuwa limeingia nasi. Jeneza lilikuwa mbele. Ndugu watatu wa Garland walikaa na Opal na Bi Nadine, mama yao Opal na Royce, benchi la kwanza. Wanaume wenye miili mikubwa na mikono ya kazi, mashati yao meupe yamelowa mgongoni, hawana hata makoti. Royce alikaa benchi la pili, peke yake. Nyuma yake alikaa Bi Pruett na wajukuu wake wawili.

Mchungaji Doyle alipotaka kuanza, Opal akasimama.

"Kabla hujasoma, Mchungaji. Mume wangu ameuawa kwa bastola. Naomba hapa ndani isiwepo hata moja mpaka tumzike. Aliyekuja nayo aende akaiache garini. Nitasubiri."

Benchi moja likalia, likafuata la pili. Mwalimu wa shule ya Jumapili alisimama. Muuza mbolea akasimama. Wanakwaya wanne wakasimama. Mchungaji mwenyewe akainama chini ya mimbari, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akashuka ngazi bila kumtazama mtu. Na mimi nikasimama, maana nilikuwa na yangu ndogo kwenye mkoba, kama kila siku, na mpaka dakika ile sikuwa nimeikumbuka kabisa. Kanisa karibu nusu lilitoka nje juani, watu wakafungua magari na kufunga magari bila salamu, na nilijichukia kama ninavyochukia panya.

Tuliporudi, wale watatu wa Arkansas walikuwa wameketi vile vile. Hawakuwa na kitu. Na Royce pia alikuwa ameketi vile vile.

"Royce," Opal akasema.

"Mimi sina, Opal. Nije na bastola kwenye msiba wa shemeji yangu?"

Nilikuwa bado nimesimama njiani, kati ya mabenchi. Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema.

"Anayo. Kwapa la kushoto. Nilimfunga mikanda mimi mwenyewe."

Bi Pruett akawavuta wajukuu wake kando kwa nguvu hata mmoja akaanguka. Royce alinigeukia, uso umemjaa damu. "Wewe mwanamke, biashara ya mteja—"

"Toka nje," akasema Bi Nadine. Hakugeuka hata kumtazama mwanawe. "Toka, Royce, mtoto wangu azike mumewe."

Akatoka. Hakurudi. Tulimzika Garland bila yeye.

Baadaye watu walikula katika ukumbi wa kanisa. Kupitia dirishani nilimwona Royce ndani ya pikapu yake, injini inaunguruma ili apate hewa baridi, koti hajavua. Bi Nadine alitoka na sahani iliyofunikwa karatasi, akavuka uwanja taratibu kwa fimbo yake, akampa kupitia dirishani. Alisimama pale juani akimngoja, na Royce akala. Alikula mapaja mawili ya kuku na saladi ya viazi, akalamba vidole, akarudisha sahani.

Niliisukuma sahani yangu kando.

Oktoba Opal aliuza ng'ombe akahamia Arkansas kwa wakwe zake. Novemba Royce alichaguliwa tena kuwa diwani, kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza. Alinitumia salamu kwa muuza mbolea kwamba hana kinyongo nami, na kwamba rafiki zake wawili wangependa ala kama ile. Walikuja Jumamosi, watu wa adabu, kofia mkononi. Niliwaambia ngozi imekwisha. Ilikuwa imerundikwa nyuma yangu hadi darini, na wote wawili waliiona.