Kidari cha Mrithi wa Kivimbe

Mume wangu Onesphory aliishi miaka mingi na kivimbe laini chini ya sikio. Daktari wa Moshi alimwambia kitolewe mapema, maana vivimbe vya tezi za mate vikiachwa, vingine hugeuka saratani. Ukoo ukamcheka daktari. Babu yao alikuwa nacho hicho hicho, na alikufa kwa uzee. Kila Krismasi, ndugu wakishapanda kijijini Kibosho na magari yao ya Dar, mbuzi akichinjwa, kidari, nyama ya heshima, alipewa Onesphory kwa kuwa amerithi alama ya babu. Nani angekubali kukatwa cheo?

Mwaka huu kivimbe kikakua haraka, kikawa kigumu, mdomo ukapinda. Daktari akasema ni kile kile, kimegeuka. Shemeji Vedastus, nduguye Onesphory na mjuzi wa kila kitu, akasema kimechokozwa na sindano ya vipimo. Sindano yenyewe ilikuja mdomo umeshapinda.

Krismasi wakampa kidari kwa heshima zote. Hakuweza kutafuna. Vedastus akakila kwa niaba yake, akafuta mikono, kisha nikamwona anajipapasa chini ya sikio, taratibu, akiomba asikute kitu.