Kisanduku Kimoja cha Nyumba

Jumatatu ile hapakuwa na tope la kufagia chini ya benchi la Mzee Kassian.

Mzee Kassian alikuwa mlinzi wa ofisi ya daftari la kaya pale Ifakara. Kila Jumatatu ya msimu wa mpunga alirudi kutoka shambani kwake bondeni huku tope limemkaukia hadi magotini. Lilipukutika kidogo kidogo mpaka saa nne, na Eveline, binti aliyefagia ofisi na kupika chai, alilizoa kwa kipande cha boksi. Siku hiyo miguu ya mzee ilikuwa safi, imepakwa mafuta.

"Shikamoo mzee. Hukwenda shamba?"

"Marahaba. Nimekwenda mara tatu," alisema Mzee Kassian. "Navuka daraja la magogo, napita kwa Amedeus, nafika mlangoni kwangu. Mlango wa hapa mjini. Mke wangu amechoka kunikaribisha."

Ulikuwa mwaka 1999. Ofisi ilikuwa imepewa kazi ya kuingiza kaya zote za bonde kwenye kompyuta, ili mtu aliye Dar es Salaam afungue ukurasa wa intaneti, aulize, na seva ya Ifakara imjibu kwa njia ya simu. Ukurasa wenyewe haukuwa na shida. Shida ilikuwa kile kinachokaa nyuma yake, kinachopokea swali, kulitafutia jibu na kulirudisha. Gosbert, mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, alikijenga juu ya kitu alichokiita kiunzi. Alieleza kwamba ni kama miti na fito za nyumba: ukishakandika udongo, huhamishi nguzo tena.

Viunzi vya kuchagua vilikuwa viwili. Kikubwa kilikuja kwenye CD pamoja na kitabu kinene, na fomu zake na majedwali yake yote yalikuwa tayari. Kidogo kilienea kwenye disketi mbili na hakikuwa na kitu tayari. Kila kipande ungeandika mwenyewe. Digna, mwandishi wa programu, ambaye kwao ni Mahenge, alikitaka hicho kidogo.

Wiki iliyotangulia Gosbert alikuwa amejaribu kile kikubwa kwa majina ya wafanyakazi wa ofisi. Fomu yake ilikuwa na kisanduku kimoja cha nyumba. Watu wa bonde wana nyumba mbili, ya nyumbani na ya shambani, na huhamia hiyo ya shambani tangu kulima hadi kuvuna. Gosbert aliwajazia wote ya mjini.

Eveline naye alikuwamo. Shule aliiachia darasa la tano, kwa sababu miezi ya mpunga alikuwa shambani na mama yake, Konsolata, wakifukuza ndege kutoka juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya mpunga. Sasa mama yake alikuwa huko peke yake. Jumamosi Eveline alikuwa amejitwika unga na chumvi, akaondoka asubuhi. Saa sita alifika mlangoni kwake, mjini. Aliuweka unga chini, akafunga komeo, akaenda kukaa kona iliyo mbali na mlango. Hakumwambia mtu.

Jumanne Digna aliwaingiza wafanyakazi walewale kwenye kiunzi kidogo, na kila mtu akamwandikia nyumba zote mbili. Kile kikubwa kilizimwa kwanza. Jumamosi Eveline aliondoka tena na unga wake, akafika shambani jioni. Mama yake alikuwa juu ya dungu na kombeo mkononi.

"Wiki jana hukuja," alisema Konsolata.

"Njia ilikataa, mama."

"Haya. Watu wa ofisini kwenu wamepita. Wameniandika."

"Wamekuandika wapi?"

"Hapa. Waliniuliza nyumba iko wapi, nikawaonyesha hii. Si ndipo waliponikuta?"

Baadaye Eveline alimwangalia mama yake akichambua mchicha. Alitaka kumwambia warudi mjini wote wawili usiku uleule. Lakini mpunga ulikuwa umeanza kuchanua, na mpunga hauachwi.

Jumatatu tope lilikuwa chini ya benchi. Eveline alilizoa polepole.

Jumatano kulikuwa na kikao. Gosbert alichora jedwali ubaoni: kasi, fomu, umeme ukikatika, nani atakitunza mtaalamu akiondoka. Mstari wa mwisho ulikuwa njia ya Mzee Kassian. Chini ya kiunzi kikubwa aliandika imefungwa. Chini ya kidogo aliandika iko wazi.

"Kikubwa kinakamilika kwa mwezi mmoja," alisema. "Kidogo?"

"Minne," alisema Digna. "Labda mitano."

"Wafadhili wanafika Mei."

"Na wenye nyumba mbili?"

"Dada Digna, mtu halali nyumba mbili kwa usiku mmoja."

"Halali usiku mmoja. Analala msimu. Wewe ulihesabu lini watu ukawakuta wote nyumbani?"

Gosbert alicheka kwa upole. "Basi tuwaulize wenyeji. Dada wa chai, wewe ni mtu wa huku. Tuchukue kipi?"

Eveline alikuwa ameshika birika. Watu saba walimgeukia. Sentensi ilikuwa imeshakamilika mdomoni, ilikuwa fupi, na mvuke wa chai ulikuwa unamchoma vidole.

"Chochote tu, bosi," alisema.

"Mnaona," alisema Gosbert, akaweka tiki kwenye kiunzi kikubwa.

Majina yaliingizwa kwa wiki tatu. Printa ililia mchana kutwa. Wanawake walioondoka alfajiri na vikapu kichwani walifika saa nne milangoni mwao wenyewe, wakatua vikapu, wakawasha moto. Wengine, waliokutwa bondeni na waandikaji, hawakuonekana tena mjini. Wafadhili walikuja, wakafungua ukurasa, ukafunguka kwa haraka. Ripoti ilisema kwamba kwa mara ya kwanza bonde halikuwa na mtu aliyehesabiwa mara mbili. Gosbert alirudi Dar es Salaam.

Mwezi wa saba mavuno yalikwisha. Konsolata hakurudi. Eveline alijaribu njia Jumamosi nne, na mara zote nne alifika mjini, kila safari mapema kidogo kuliko ile ya kabla. Alimwekea Digna kikombe mezani, kisha hakuondoka.

"Nimejaribu kumhamishia mjini mama yako," alisema Digna bila kuulizwa. "Inaniambia kaya imeshathibitishwa. Nikikitoa kile kisanduku, kila kitu kinaanguka."

Nassib, mnunuzi wa mchele kutoka Kidatu, hakuwa kwenye daftari, kwa hiyo alipita popote. Mwezi wa nane alisimamisha lori mbele ya ofisi, akaingia na kifuko cha mchele mpya.

"Huu wa mama yako. Mzima, ila kisima kimekauka, anachota maji mtoni. Majirani waliobaki ni wawili. Nyati wanapita chini ya dungu, na nyuma ya nyati wanapita wanaowawinda. Sasa analala hukohuko juu."

Eveline alipokea kifuko kwa mikono miwili. Mzee Kassian alikuwa kwenye benchi lake, miguu safi.

"Ana swali," alisema Nassib. "Anasema siku wanachagua hiyo mashine yenu, ofisi nzima ilikosa hata mtu mmoja anayejua kwamba sisi tuna kwetu kuwili? Nimwambieje? Nageuza leo hii."

Dereva alikuwa hajazima injini.

"Mwambie nilikuwepo," alisema Eveline. "Nilikuwa nimeshika birika. Waliniuliza mimi, na nilikuwa najua."