Harambee ya Ngozi

Msiniambie nipunguze sauti. Nimepunguza kanisani, nimepunguza sokoni, nimepunguza mbele ya wakwe, na sasa nimechoka. Mimi ni Cicily, fundi cherehani wa hapa Kaaga, na nusu ya yunifomu mnazoona zikipita barabarani asubuhi nimezishona mimi. Nitaeleza hii habari vile ilivyokuwa. Anayetaka kukasirika akasirike, atanikuta nimeshakasirika zamani.

Binti yangu Karimi anasomea mambo ya wanyama chuo kikuu, na wanyama wake ni mbega wa msitu wa Imenti, wale kima weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani. Ili uwajue mbega, nani mama ya nani, nani amezaa, wanakula nini wakati wa kiangazi, lazima kwanza wakuzoee. Siku ya kwanza wakikuona wanapotelea juu ya miti. Unarudi kesho, unakaa kimya. Unarudi tena. Karimi alikaa chini ya ile miti mvua ikinyesha na jua likiwaka, na baba yake, Mwirigi, akawa anamsindikiza, maana huko kuna ndovu na msichana hawezi kuachwa peke yake. Baada ya miaka miwili mbega wakawa wanashuka kula udongo wa chumvi kando ya kijito, karibu kabisa na miguu yao, bila wasiwasi. Karimi alilia kwa furaha siku hiyo. Mwirigi naye alijisifu hadi chai ikapoa kikombeni.

Basi mwaka jana watu wakagundua kwamba kuna mbega wasiokimbia.

Hapo ndipo anaingia Mwalimu Naftaly. Ni mwalimu mstaafu, ana kikundi cha ngoma, na kikundi chake kilikuwa kimealikwa Kinoru, uwanjani, kwenye sherehe za utamaduni. Kikundi kitakachoshinda kingepelekwa Nairobi kucheza mbele ya wakubwa. Na kwa Mwalimu Naftaly, mchezaji asiye na ngozi ya mbega mabegani ni mtu aliyesahau kuvaa. Akawa anazunguka akitangaza kwamba anatafuta ngozi. Hakusema zitoke wapi. Hakuuliza pia.

Jioni moja Karimi akaingia dukani kwangu na matope hadi magotini, hakusalimu mtu.

"Wameua wawili," akasema. "Wamewachuna pale pale kwa kijito. Matumbo wameacha."

Nikamwambia tupige ripoti, akasema ameshapiga. Askari wa wanyama walikuja, wakaangalia, wakasema ukweli wao: msitu ni mkubwa na wao ni wachache. Karimi akakaa kwa kiti cha wateja wangu, akashika kichwa.

"Mama, mwindaji hahitaji hata mbwa," akasema. "Anatembea tu hadi walipo. Mimi ndiye niliwafundisha."

Hayo maneno yalinichoma. Nilifunika cherehani nikaenda kwa Mwalimu Naftaly vile nilivyokuwa, na uzi shingoni.

"Mwalimu, hao wanyama ni wa kusomwa. Mtoto wangu amewapa miaka yake."

"Mama Karimi, utamaduni wetu ufe kwa sababu ya kima?"

"Utamaduni gani? Babu yako alikuwa na ngozi moja maisha yake yote. Wewe unataka za watu ishirini kabla ya Agosti!"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia hivi: katika hizi nyumba zetu, kuanzia hapa hadi Timau, kuna ngozi za mababu zimewekwa kwenye masanduku zikiliwa na wadudu. Nikizipata hizo, nizitengeneze, nizishone upya, utanunua mpya? Akafikiria, akasema akipewa za zamani yeye hana haja na mpya. Tukashikana mikono.

Kuanzia siku hiyo sikulala. Nilienda redio, ile inayotangaza kwa Kimeru, nikaomba dakika chache katika kipindi cha asubuhi. Nikasema: hao mbega wana kazi, wanasomwa, wakiisha leo mtoto wa kesho atawaona kwa picha. Mwazimeni Mwalimu Naftaly ngozi za mababu, na mkiona mtu anashuka msituni na gunia, pigeni simu. Nilienda soko la Gakoromone siku ya soko, nikasimama juu ya kreti ya nyanya. Wengine walinicheka, ati fundi wa nguo amekuwa wakili wa nyani. Lakini wanawake walisikiliza. Mmoja akaleta ngozi ya baba mkwe wake siku iyo hiyo, imekauka kama ubao. Nikaona hii kitu inawezekana.

Halafu nikafanya jambo la kawaida kabisa, nikaomba nafasi ya kutoa tangazo kanisani.

Nimemaliza kusema maneno yangu, nimeshukuru, narudi kukaa, Pasta Misheck akashika maikrofoni.

"Mmesikia Mama Karimi! Hii sasa ni harambee! Kila nyumba itatoa ngozi yake, na Jumapili ya mwisho ya mwezi tutasoma majina hapa mbele, moja moja, na redio watasoma pia. Tuone ni nyumba gani inapenda utamaduni!"

Makofi. Vigelegele. Mimi nikasimama tena.

"Pasta, nimesema kuazima. Sijasema kushindana."

"Mama Karimi, wewe kaa, umefanya kazi nzuri."

"Pasta, asiye na ngozi ya zamani ataitoa wapi?"

"Kaa, mama, kaa."

Na watu wakanivuta nguo nikae. Baada ya ibada nilimfuata hadi ofisini, nikamwambia atangaze tena, aseme hakuna majina. Akaniambia kwa upole wake ule unaoudhi kwamba watu wetu bila kusomwa jina hawatoi kitu. Na ni kweli! Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sisi mtu anaweza kumnyima ndugu yake kuku wa mgonjwa, lakini mwambie jina litasomwa kanisani, ataleta ng'ombe na kuazima kamba ya kumfungia. Pasta alijua hilo. Naftaly alijua hilo. Karimi alipiga magoti mbele ya Pasta, msichana mzima wa chuo kikuu, akaambiwa awe na imani.

Ngozi zikaanza kuletwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ningezishona. Za kwanza zilikuwa za mababu kweli. Ngozi ya zamani ni ngumu, ina harufu ya moshi na masizi, manyoya yamekuwa ya manjano. Nilizipaka mafuta nikafurahi. Nyumba za kwanza zikatajwa redioni, na jirani zao wakasikia. Hapo ndipo zikaanza kuja zile nyingine, manyoya bado meupe, ngozi bado laini, zimepakwa majivu zifanane na za zamani. Nikizikataa mlangoni, mwenye kuleta ananiapia kwa Mungu ni ya nyanya yake. Nilimwita Naftaly aje aone. Akashika moja, akanusa, akasema, "Sioni tofauti. Zote zipokelewe." Mtu aliyefundisha sayansi!

Karimi akawa anaondoka alfajiri na kurudi jioni, haongei. Nilikuwa najua kwa uso wake kama siku hiyo wamepungua. Kundi lake likabaki dume mmoja mkubwa, majike kadhaa na watoto wao. Alikuwa akisema kama dume atabaki, kundi litabaki, kwa sababu yeye ndiye anayenguruma asubuhi na kufukuza wageni. Tulishikilia hilo. Jumapili ilikuwa karibu, ikipita tu, watu wangesahau.

Jumamosi mchana Mwirigi akaingia na mfuko. Alikuwa amenyoa, amevaa koti lake la kijani. Akaufungua juu ya meza yangu kama mtu anayeleta nyama ya Krismasi.

"Ya nyumba yetu," akasema. "Nimeitoa kwa mjomba, Timau. Kule baridi inahifadhi vitu."

Nilitia mkono. Ndani ilikuwa bado na unyevunyevu. Manyoya ya mabegani yalikuwa marefu kuliko yote niliyoshika mwezi huo, na niliyajua. Nimeonyeshwa picha za yule dume kwa simu ya mtoto wangu mara ngapi?

"Baba Karimi. Hii ni ya nani?"

"Nimekuambia, mjomba."

"Nitazame. Hii ni ya nani?"

Akatazama dirisha. Halafu akaanza kujitetea kwa hasira, kama kawaida yao wakikamatwa.

"Wewe ndiye umeanza hii maneno! Wewe ndiye uko kwa redio kila siku! Kesho majina yakisomwa, nyumba ya mwenye kampeni ikose? Nikae pale mbele wanaume wakiniangalia? Hata Gitari, hana shamba hana ng'ombe, ametoa!"

"Ulimuua na nini?"

"Wachana na hiyo."

"Ulimuua na nini, Mwirigi!"

"Rungu," akasema. Kisha sauti ikamwishia kidogo. "Hakukimbia. Alikuwa anakula udongo. Aliniangalia tu, akaendelea kula."

Nilimpiga. Ndiyo, nimesema, na nitarudia hata kwa chifu. Nilimpiga na ile ngozi yenyewe, usoni, mara mbili, na yeye hakuinua mkono. Aliketi chini akasema nimfichie Karimi. Nimfichie! Mtu anasindikiza mtoto wake miaka miwili, anabeba chakula chake, anajifunza naye kukaa kimya, wanyama wanamzoea yeye na koti lake, halafu anarudi na rungu ili Pasta Misheck ataje jina lake!

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Ngozi zilipangwa juu ya kitambaa cheupe mbele ya madhabahu, pamoja na ile ya Mwirigi, niliyoileta mimi mwenyewe, na Naftaly na wachezaji wake wamekaa safu ya kwanza. Pasta akasoma majina, na kila jina na makofi yake. Alipofika kwetu, akainua mikono: "Na nyumba ya mama wa harambee yenyewe, nyumba ya Mwirigi!" Watu wakasimama kupiga makofi. Nikaenda mbele, nikachukua maikrofoni kutoka mkononi mwake. Alifikiri naenda kushukuru.

"Hii ngozi," nikasema, "ni ya jana. Mwenye kuua ni mume wangu, Mwirigi, yule amekaa pale na koti la kijani. Ameua mnyama aliyekuwa anasomwa na mtoto wake mwenyewe. Ameua ili nyinyi mpige makofi, na mmepiga. Hizi hapa ni za zamani, na wenyewe nawashukuru. Hizi nyingine zote zimepakwa majivu. Njooni mnuse. Pasta, anza wewe."

Mtoto mmoja akalia mahali. Pasta akasema tuombe, nikasema hatuombi, tunanusa. Karimi alikuwa kwenye mlango. Nilimwambia pale pale mbele ya watu kwa sababu ningengoja nyumbani ningeshindwa, na hilo ndilo jambo pekee ninaloogopa kulikumbuka, vile alivyomtafuta baba yake kwa macho katika kile kiti. Kisha akatoka nje. Wengine nao wakaanza kutoka, wakipitia mlango wa pembeni, vichwa chini, na nilikuwa nawajua mmoja mmoja, nimewapima viuno wote.

Niliita askari wa wanyama mimi mwenyewe. Mwirigi hakubisha, kesi yake iko kortini na sitaenda kumwombea. Wakwe wamesema nimemuuza mume wangu kwa kima. Naftaly alicheza Kinoru na blanketi nyeusi nilizoshonea nyuzi nyeupe za sufu mabegani, kwa kuwa ngozi zote zilichukuliwa kama ushahidi. Watu walimshangilia vile vile. Vile vile kabisa! Basi mnaona hao mbega walikufa kwa ajili ya nini.

Wiki iliyofuata ile Jumapili, Karimi akaja kwa duka langu, akasimama mlangoni.

"Mama, nahitaji mtu wa kunisaidia msituni."

Nikafunga duka. Tukapanda hadi kwa kijito. Walikuwa pale, majike waliobaki, na mmoja amekumbatia mtoto mchanga, mweupe pepe kama wanavyozaliwa. Walituona wakaendelea kutafuna majani. Karimi akaokota jiwe, akalirusha. Likagonga mti juu yao. Akapiga kelele, akarusha lingine. Jike mwenye mtoto aligeuza kichwa akamtazama, basi.

"Mimi hawaniogopi," akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa. "Nimekuja siku tatu. Wananijua. Rusha wewe, mama. Lazima wajifunze kukimbia."

Nikaweka kitambaa changu cha kichwa chini, nikajaza mawe. Nikarusha la kwanza, nikatukana kwa Kimeru maneno ambayo sijayatumia tangu niokoke. Wakasogea tawi moja juu, wakasimama, wakatuangalia tena.

"Karibu zaidi," Karimi akasema. "Mpige kabisa, mama. Yule mwenye mtoto. Akikimbia yeye, wengine watamfuata."

Nikachagua jiwe kubwa.