Kiti cha Mkuu Chakatwa Miguu

Hospitali nzima ilimwita Fundi Randa, na si kwa sababu ya mbao peke yake. Ulimi wake nao ulichonga. Tangu mkewe afariki, mwaka na miezi sasa, alikuwa amekwisha kumchonga kila mtu mwenye ofisi yenye zulia, na bado hakuridhika.

"Mimi nimeishia darasa la nne," alizoea kusema, "lakini sijawahi kutengeneza meza nikasahau miguu. Wao wana shahada tatu tatu. Haya, itazame hospitali yao."

Asubuhi hiyo alipitia kwanza wodi ya wazazi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amejifungua siku tatu zilizopita, mtoto wa kike mwenye paji la uso la marehemu bibi yake, pana na lenye kisirani.

"Hujambo, mke wangu," babu alimwamkia mjukuu.

Mjukuu akafungua kinywa, akapiga yowe wodi nzima ikageuka.

"Anadai talaka, Baba," binti akasema. Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha chuma, kirefu kile, miguu inaning'inia, mgongo umepinda kama ndoana. Matiti yalikuwa yamejaa hadi yamekuwa magumu kama mawe, chuchu zimechanika. Mtoto alikuwa akidaka ncha, anateleza, anapiga kelele, anadaka, anateleza tena. Ilikuwa hivyo tangu jana.

Sista wa wodi, mwanamke mwema mwenye wazazi arobaini na mikono miwili tu, alitazama mizani, akatikisa kichwa.

"Uzito unazidi kushuka. Na tangu jana amelowesha nepi moja tu. Nisikilize, mdogo wangu. Ikifika saa sita hajanyonya vizuri, nitampa maziwa ya kopo kwa kikombe. Sipendi, lakini siwezi kumwacha akauke."

"Mama alininyonyesha mimi miaka miwili," binti alisema. "Mimi siku tatu zimenishinda."

"Zisikushinde vipi na umekaa kama kuku kwenye waya?" Randa akafoka. "Sista, hapa hakuna kiti?"

Sista akamtazama tu. Randa akainamisha macho, maana jibu alikuwa nalo. Miezi kumi nyuma, kwa amri kutoka juu, yeye mwenyewe alibeba viti vyote kumi na viwili vya wodi hiyo, viti vizuri vyenye mgongo na mikono, akavipandisha ghorofa ya pili kwenye chumba cha mikutano. Kulikuwa na Kamati ya kuandika mwongozo mpya wa kuwahudumia mama wanaonyonyesha. Akaambiwa ni kwa wiki moja. Tena zile meza za mkutano zilikuwa ndefu kwenda juu, akaamriwa aongeze miguu ya viti ili wakubwa wasionekane watoto. Akaongeza. Wiki moja ya wakubwa ndiyo hiyo mpaka leo.

Saa nne na nusu akaitwa huko huko juu. Kiti cha Daktari Mkuu kilikuwa kinalia kwii kwii, kinawavurugia kikao.

Aliingia na mfuko wake wa zana, hakuna aliyemwitikia salamu, akatambaa chini ya meza katikati ya viatu vinavyong'aa. Mkuu hata hakunyanyuka. Juu ya kichwa cha Randa, wajumbe walikuwa kwenye kifungu cha kumi na nne.

"'Mama asaidiwe kukaa kwa starehe,'" alisoma Katibu.

"Starehe lina sura ya baa," alisema mmoja. "Tuseme utulivu."

"Utulivu ni wa moyo, si wa makalio," alisema mwingine.

"Na ushahidi uko wapi?" aliuliza daktari kijana ambaye, kwa kuwa hakuwa na swali jingine maishani, watu walimwita Ushahidi.

"Kifungu hiki tulikiahirisha wiki iliyopita," alisema Mkuu. "Napendekeza tukiahirishe tena."

Randa, bisibisi mkononi, alihisi kitu kinampanda kutoka tumboni. Alidhani ni hasira, mgeni wake wa kila siku. Kumbe ni kicheko. Akajaribu kukizuia kikamtokea puani. Akapiga kichwa kwenye meza, chupa za maji zikaruka.

"Nani anacheka?" Mkuu aliuliza.

"Ni mimi, mkuu. Fundi." Akatoa kichwa kati ya magoti mawili ya kitaalamu. "Mnisamehe. Mnatafuta neno la kumkalishia mama, na kiti cha mama mmekikalia nyinyi! Wodini hakuna kiti hata kimoja. Ni hivi hapa, kumi na viwili, nimevibeba kwa mgongo huu."

Mkuu akajiweka sawa, kiti kikalia kwii.

"Fundi, wewe rekebisha kiti. Haya ni mambo ya kitaalamu."

"Na ushahidi uko wapi?" Ushahidi aliuliza, kwa mazoea tu.

"Uko chini, kitanda cha tisa," alisema Randa. "Unalia tangu jana. Ni mjukuu wangu. Saa sita anapewa kopo."

Hapo ndipo Ushahidi aliposimama, macho yamemtoka kama mtu aliyeota jambo likatimia. "Jamani," akasema, "miezi kumi! Na hatujausoma mwongozo huu mbele ya mama hata mmoja. Tunajuaje kama unafanya kazi?" Akanyanyua kiti chake, akakibeba kichwani, akatoka.

Mtu mmoja mwenye shahada akibeba kiti, mwenzake hawezi kubaki amekalia chake. Wakafuatana ngazini, viti kumi na viwili juu ya makoti meupe, wanagongana, wanaombana radhi, Mkuu nyuma kabisa anahema. Wagonjwa wa korido walijibanza ukutani. "Wanahamishwa?" aliuliza mzee mmoja. "Wamefukuzwa," Randa alijibu, na hakuwahi kusema uongo mtamu kama huo.

Binti alipouona msafara ule alivuta shuka. "Baba! Madaktari wote hawa? Nakufa?"

"Hufi, mwanangu. Wamekuja kufanya mtihani. Ukikataa wanarudi."

Binti akafuta machozi. "Wakae nyuma ya pazia. Sista tu ndiye aingie, na wewe ukae mgongoni kwangu."

Pazia likavutwa. Ushahidi akasoma mwongozo kutoka upande wa pili kwa sauti ya kuhutubia. Sentensi ya kwanza ilianza, ikazunguka, ikapanda mlima, ikashuka. Mtoto alilia, akapumzika, akalia tena, nayo bado inakwenda.

"Daktari," Sista aliuliza, "sentensi hiyo ina nukta?"

Nyuma ya pazia mtu akaguna kicheko. Karatasi ikasikika ikikwaruzwa kwa kalamu.

Wakamhamishia binti kwenye kiti cha Mkuu, kilichokuwa karibu zaidi. Mgongo ukapata pa kuegemea. Lakini miguu, masikini, bado ilikuwa hewani.

"Kirefu," alisema Sista. "Akijikaza mapajani mtoto anateleza. Na tulikuwa na vigoda viwili, navyo sijui vilipandia wapi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano. Randa alipima kwa vidole chini ya nyayo za bintiye: vinne. Akamwinua, akapindua kiti, akachomoa msumeno.

"Fundi!" Mkuu aliita, ameiona miguu ya kiti chini ya pazia. "Hicho ni kiti changu!"

"Kilikuwa cha wodi, mkuu. Nakirudisha kimo chake."

Kru, kru, kru. Vipande vinne vikadondoka. Binti akakaa, nyayo zikatua sakafuni, mabega yakashuka yenyewe. Sista akamsaidia kukamua kidogo ili titi lilainike.

"Tumbo lake kwenye tumbo lako. Hivyo. Usimpelekee titi, mlete yeye. Pua iangalie chuchu. Ngoja. Ngoja apanue kama anapiga miayo. Bado... bado... sasa!"

Kelele ikakatika. Wodi nzima ikanyamaza. Kisha kikasikika kimlio kidogo, gu. Kikapita kimya. Gu.

"Vipi?" Mkuu alinong'ona.

"Shhh!" walisema wote.

"Anameza," alisema Ushahidi, akihesabu milio. "Saba. Nane. Tisa."

"Rasimu inasema dakika kumi kila upande," Katibu alikumbusha.

"Marehemu mama yake huyu," Randa alisema, mkono begani kwa bintiye, "alikuwa akisema mtoto hana saa mkononi. Akishiba ataachia mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza ushahidi. Kalamu ikakwaruza tena, na saa sita ikapita bila mtu kuitazama. Sista akarudisha kopo kabatini. Binti alikuwa anacheka na kulia pamoja, na Randa, aliyekuwa amesahau uso wake ukicheka unakuwaje, aliegemea ukuta akacheka mpaka misumari ikamwagika mfukoni.

Viti vilibaki wodini. Kamati ikamalizia kikao chake imesimama, na ajabu ya wakubwa, kazi ya miezi kumi ilianza kwenda mbio. Saa nane walikuwa wanabishania kifungu cha mwisho, namna ya kujua kama mtoto anapata maziwa ya kutosha, mlango ulipofunguka kwa kishindo.

Alikuwa Fundi Randa, anatweta kwa ngazi, shati lake limelowa kuanzia kifuani hadi kwenye mkanda.

"Nepi ya pili mjukuu wangu ameikosa kidogo tu," alisema, akalinyoosha shati mbele ya pua ya Mkuu. "Ushahidi huu hapa. Andikeni."