Simu ya Pili

"Toa simu ya pili!"

"Simu ya pili gani, na ya kwanza umeniibia wewe?"

Kweli, ilikuwa mfukoni mwangu. Niliichukua asubuhi nikaipekua mpaka chaji ikaisha, sikukuta hata namba moja ngeni. Sasa nilikuwa katikati ya chumba cha pasi, jasho linanitoka, napapasa mifuko ya mashati ya wateja kama askari. Mama, dobi kwa miaka ishirini sasa, ananitazama tu.

"Hilo la mwalimu mkuu usilikunje, baba. Nimelipiga pasi mara mbili."

"Usinifanye mtoto, Mama. Nimekusikia!"

Kaka alikuwa na siku arobaini na moja hajulikani alipo. Wiki za mwanzo Mama hakula. Pikipiki ikipita nje, anaruka. Halafu, ghafla tu, akatulia. Akaanza kula. Akaanza kuimba huku ananyunyizia mashuka maji. Nani anatulia hivyo, mwanawe kapotea? Mimi nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, kazi yangu ikawa kushuku. Nikasema huyu anajua, wananificha. Na sababu ya kunificha ilikuwepo: maneno ya mwisho aliyoyasikia kaka nyumba ile yalikuwa yangu. "Nenda, na usirudi." Mama hakuwahi kunikumbusha. Hata hilo nililitilia shaka.

Kila saa kumi jioni alijifungia na pasi zake. Siku hiyo nikabandika sikio mlangoni.

"Amekula leo? Usimwache alale nje. Mwambie hapa hakuna mwenye kinyongo naye."

Nikausukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka.

Mifuko yote ikawa mitupu. Nikabaki nahema.

"Sasa ulikuwa unaongea na nani?"

Macho yangu yakashuka kwenye gauni lake: mabaka mawili ya maji, magotini. Mezani palikuwa na shati la kaka, lile la mistari, limenyooshwa, mikono imekunjiwa kifuani.

"Na Yesu," alisema. "Mwanangu mimi sijui aliko. Yeye anamwona. Basi namuuliza."

"Na anakujibu?"

"Ananituliza. Kula nakula, kulala nalala. Hilo lingine nasubiri."

"Umemwambia nilichosema mimi?"

"Siku ya kwanza kabisa." Akaisimamisha pasi isije ikaunguza. "Nikiomba, naanza na wewe. Kaka yako anafuata."

Nikatoa simu mfukoni, nikaiweka kando ya shati.

Nilipofika mlangoni nikasimama, mgongo nimempa.

"Muulize kama amepata koti," nikasema. "Alitoka na shati tu."

Nikasikia magoti yake yakigusa sakafu. Nikatoka, nikaufunga mlango polepole, usigonge.